Isabel wa Castilla: Alipata kiti cha enzi, akakosa wa kumwachia

Wako watu katika tarikhi ambao kila jamaa huwataja kwa namna yao. Mmoja wao ni Isabel wa Kwanza wa Castilla, malkia wa Uhispania aliyefariki mwaka 1504. Mwulize Mhispania, huenda akakwambia kuwa ndiye mama wa taifa lake. Mwulize Myahudi, atakutajia mwaka 1492 na namna wazee wake walivyofukuzwa makwao. Muislamu atakutajia Granada. Na watu wa upande wa pili wa Atlantiki watamtaja Columbus na yote waliyoletewa na merikebu zake.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tumtazame bibi huyu kwa jicho jingine, nalo ni jicho la mirathi. Maisha yake yote, tangu alipozaliwa hata alipozikwa, yalizungukwa na swali moja: mfalme akifa, ni nani mwenye haki ya kukaa mahali pake? Na ndani ya swali hilo mlikuwa na jingine zito zaidi: je, mwanamke naye aweza?

Asije mtu akadhani nimekwenda mbali kutafuta maneno ya kujazia ukurasa. Mirathi hiyo ya Uhispania ilivuka bahari ikafika mpaka Mombasa, na athari yake ingali imesimama pale. Nitaieleza mahali pake.

Binti asiyetazamiwa

Katika karne ya 15 hapakuwa na nchi moja iitwayo Uhispania. Rasi ile ilikuwa na falme tano. Castilla ilikuwa katikati, nayo ni kubwa kuliko zote. Aragón ilikuwa mashariki, Ureno magharibi, na Navarra ndogo ilikuwa kaskazini chini ya milima. Kusini ilikuwako Granada, dola ya Banu Nasr, kipande cha mwisho cha Andalus kilichokuwa bado mikononi mwa Waislamu.

Isabel alizaliwa tarehe 22 Aprili 1451 katika mji mdogo uitwao Madrigal de las Altas Torres. Baba yake alikuwa Mfalme Juan wa Pili wa Castilla, na mama yake alikuwa Isabel wa Ureno, mke wa pili wa mfalme. Kwa mke wa kwanza mfalme alikuwa na mwana mtu mzima, Enrique, aliyezaliwa mwaka 1425. Kisha mwaka 1453 Isabel alipata mdogo wake wa tumbo moja, jina lake Alfonso. Basi binti huyu alikuwa nyuma ya ndugu wawili wa kiume, na hakuna aliyemhesabu kuwa ni mtu wa kutawala. Kazi ya binti wa mfalme zama zile ilikuwa ni kuozwa, ili ndoa yake ifunge mkataba baina ya baba yake na mfalme wa nchi nyingine.

Hata hivyo sheria haikumfungia mlango. Castilla ilikuwa na kitabu kikubwa cha sheria, Siete Partidas, kilichotungwa katika karne ya 13 zama za Mfalme Alfonso wa Kumi. Humo ilielezwa kuwa mwana wa kiume hutangulia katika ufalme, lakini asipokuwapo, binti hurithi. Na watu walikumbuka kuwa zamani Castilla na León ziliwahi kutawaliwa na mwanamke, Urraca, kuanzia 1109 hata 1126. Aragón ilikuwa mbali na hayo. Huko desturi ilikuwa imekaza kwamba mwanamke aweza kumpitishia mwanawe haki ya kutawala, ila yeye mwenyewe asikalie kiti. Tofauti hii ya nchi mbili jirani uiweke akilini, msomaji, maana itarudi.

Juan alifariki mwaka 1454, Isabel akiwa na umri wa miaka mitatu. Enrique akawa Mfalme Enrique wa Nne. Mjane akachukua watoto wake wawili akaenda kukaa nao Arévalo. Huko akili yake ikaingia giza la huzuni, asipone tena. Watoto wale walikulia katika nyumba ya mama mgonjwa, mbali na fahari ya ikulu.

Mtoto aliyetiliwa shaka

Mfalme Enrique alikuwa na aibu moja iliyozungumzwa nchi nzima. Ndoa yake ya kwanza na Blanca wa Navarra ilidumu miaka kumi na mitatu, ikavunjwa mwaka 1453 kwa sababu haikupata kutimizwa chumbani. Akaoa tena mwaka 1455, mara hii Juana wa Ureno, na tarehe 28 Februari 1462 malkia huyo akazaa binti, naye akapewa jina la mama yake, Juana. Mfalme akasema ni wake. Cortes, yaani baraza kuu la nchi, ikaapa kuwa ndiye mrithi. Na Isabel, shangazi yake wa miaka kumi, akawa miongoni mwa mama zake wa ubatizo.

Lakini makabaila wa Castilla walikuwa na yao. Walikuwa watu wenye ngome, mashamba na askari wao wenyewe, na mfalme mnyonge kwao ni neema. Wakaeneza fununu kwamba mtoto si wa Enrique, bali ni wa Beltrán de la Cueva, kijana aliyependwa sana ikuluni. Wakampachika maskini yule kitoto jina la Beltraneja, kama kwamba wanasema binti wa Beltrán. Jina hilo limemganda hata leo vitabuni.

Mimi nimesomeshwa sheria inayosema kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, na kwamba kuitilia nasaba ya mtu shaka bila ushahidi ni dhambi kubwa. Hata kwa sheria za Castilla, Juana alizaliwa ndani ya ndoa, baba yake akamkiri, na baraza likamwapia. Hakuna aliyeweza wakati ule, wala anayeweza sasa, kuthibitisha vingine. Basi mjengo wote wa utawala wa Isabel ulisimama juu ya neno lisilothibitishwa. Hili ni jambo ambalo wapenzi wake hupenda kulipita mbio.

Tarehe 5 Juni 1465, nje ya mji wa Ávila, makabaila walifanya kioja. Walitengeneza sanamu ya mfalme wakaiketisha jukwaani ikiwa imevishwa nguo za kifalme. Kisha mmoja mmoja wakapanda, huyu akaivua taji, yule akainyang’anya upanga, mwingine fimbo ya enzi, mwishowe wakaipiga teke ikaanguka chini. Papo hapo wakamtangaza Alfonso, mtoto wa miaka kumi na mmoja, kuwa ndiye mfalme. Nchi ikawa na wafalme wawili na vita visivyo kichwa wala miguu. Alfonso hakufika mbali. Alifariki ghafula tarehe 5 Julai 1468, hajatimiza miaka kumi na mitano.

Makabaila wakamgeukia dada yake. Wakamtaka ajiite malkia palepale. Isabel, aliyekuwa na miaka kumi na saba, akakataa. Alijua kwamba kiti kinachotolewa na waasi leo chaweza kunyang’anywa na waasi hao hao kesho. Akasema kuwa maadamu Enrique yuko hai ndiye mfalme, ila yeye Isabel atambuliwe kuwa mrithi. Septemba mwaka ule ule, mahali paitwapo Toros de Guisando, Enrique akakubali. Akamweka kando Juana, ambaye mama yake kwa wakati ule alikuwa na mimba ya mtu mwingine, akamtambua ndugu yake. Sharti likawa kwamba Isabel asiolewe bila ya idhini ya mfalme, na mfalme naye asimlazimishe mume asiyemtaka.

Bwana harusi aliyevaa kitumishi

Sharti hilo halikudumu. Enrique alitaka kumwoza kwa Afonso wa Tano wa Ureno, mjane aliyemzidi umri kwa karibu miaka ishirini. Wafaransa nao walimtaka kwa ndugu wa mfalme wao. Miaka miwili nyuma alikwisha nusurika kuozwa kwa Pedro Girón, kabaila aliyefariki njiani akija kuoa. Isabel akachagua mwenyewe. Alimtaka Fernando, mwana wa mfalme wa Aragón, kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu mwaka mmoja.

Wajumbe wakaenda kwa siri. Mwezi wa Januari 1469 Fernando akatia sahihi mapatano ambayo waume wengi wa zama hizi wangeyakataa: kwamba atakaa Castilla, hatatoa watoto nje ya nchi bila idhini ya mkewe, na hatagawa cheo wala ngome asipotaka yeye. Oktoba mwaka ule ule akavuka mpaka usiku, amevaa mavazi ya kitumishi, akiwahudumia nyumbu wa wenzake waliojifanya wafanyabiashara. Tarehe 19 Oktoba 1469 wakaoana mjini Valladolid.

Palikuwa na tatizo moja. Babu zao walikuwa ndugu wa baba na mama mmoja, na Kanisa lilikataza ndoa ya ukoo wa namna hiyo ila kwa ruhusa ya Papa. Ruhusa ikasomwa mbele ya watu, lakini hati ile ilikuwa ya kughushi. Ya kweli ilipatikana mwaka 1471 kwa Papa Sixtus wa Nne, wakati walikwisha pata mtoto wa kwanza, binti aliyeitwa Isabel, aliyezaliwa Oktoba 1470. Hao ndio watu ambao baadaye Papa mwingine aliwapa lakabu ya Wafalme Wakatoliki.

Enrique akakasirika. Mwaka 1470 akabatilisha mapatano ya Guisando, akamrudishia Juana urithi. Kwa hiyo alipofariki Madrid, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1474, palikuwa na wanawake wawili na kiti kimoja: shangazi wa miaka ishirini na mitatu na binti wa kaka yake wa miaka kumi na miwili.

Upanga uliotangulia

Isabel hakungoja. Fernando alikuwa Aragón, safari ya siku nyingi, lakini bibi yule hakutaka kungojea mume. Tarehe 13 Desemba 1474 alitoka nje katika baridi ya Segovia akatangazwa malkia. Mbele yake alitembea mtu mmoja ameshika upanga uchi, ncha chini na mpini juu, ambao ni alama ya haki na adhabu. Watu walishangaa. Upanga ule ulikuwa wa wafalme wanaume, na hawakuzoea kuona ukimtangulia mke na mumewe hayupo.

Fernando alipopata habari aliona uchungu. Kwao Aragón jambo hilo halikuwezekana. Isitoshe, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwanamume wa karibu katika ukoo ule wa kifalme, na wapambe wake walimtia maneno kwamba Castilla ni yake kwa haki ya uanaume. Hapo ndipo Isabel alipoonyesha akili yake. Hakumjibu mumewe kwa ukali. Alimtazamisha mtoto wao. Mpaka siku ile hawakuwa na mwana ila binti mmoja. Ikiwa mwanamke hawezi kurithi, basi na binti yetu hatarithi, na kesho atakuja mwanamume yeyote wa ukoo kumnyang’anya. Fernando akanyamaza. Tarehe 15 Januari 1475 wakapatana: majina yao mawili yatakwenda pamoja katika hati na sarafu, lakini Castilla ni mali ya Isabel, na baada yake ni ya watoto wake, si ya mume.

Hoja ile nimeipima mara nyingi na sijaiona kasoro. Ila ilikuwa na makali pande mbili. Ikiwa binti anayo haki, basi Juana naye alikuwa binti, tena wa mfalme mwenyewe.

Juana hakukosa watetezi. Afonso wa Ureno, kaka wa mama yake, aliingia Castilla na jeshi, na Mei 1475 akaposa rasmi mtoto wa dada yake mwenyewe. Kwetu sisi hilo halitamkiki, na hata kwao lilihitaji ruhusa ya Papa. Yeye alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na bibi harusi kumi na mitatu. Hata Askofu Mkuu wa Toledo, aliyekuwa mlezi wa njama za Isabel, safari hii akahamia kwa Juana. Isabel alizunguka nchi juu ya farasi kukusanya askari, fedha na chakula, na mwaka huo akaharibu mimba. Mapigano makubwa yalikuwa Toro, tarehe 1 Machi 1476. Kila upande ulidai kushinda, lakini Isabel ndiye aliyewahi kutangaza ushindi miji yote. Tarehe 30 Juni 1478 akazaa mwana wa kiume, Juan, na watu wengi waliokuwa wakisitasita wakauona upepo ulipoelekea.

Vita vilikwisha kwa mkataba wa Alcáçovas, tarehe 4 Septemba 1479. Mwaka huo huo Fernando alirithi Aragón kwa baba yake. Juana alipewa hiari mbili: angojee mpaka mtoto Juan akue amwoe akitaka, au aingie utawani. Akachagua utawa, akaweka nadhiri Coimbra mwaka 1480. Hakufa upesi kama walivyotumaini maadui zake. Aliishi Ureno hata mwaka 1530, na barua zake akazitia sahihi ya malkia mpaka mwisho. Shangazi yake alikwisha lala kaburini miaka ishirini na sita.

Katika mkataba huo mna kifungu kimoja kinachotuhusu sisi. Castilla ilipewa visiwa vya Canarias, na Ureno ikaachiwa bahari na pwani za Afrika kuanzia Guinea kwenda chini. Yaani sehemu ya bei ya kiti cha Isabel ililipwa kwa njia ya bahari ya Afrika, na wenye pwani hizo hawakuulizwa.

Granada na ahadi zake

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutusimulia Andalus tukimaliza kudurusu. Hadithi yake ilikuwa fupi: Waislamu waligombana, wakaanguka. Nilipokuwa mkubwa na kusoma zaidi, niliona kwamba mzee hakukosea. Granada nayo iliuawa na mirathi.

Sultani Abu al-Hasan Ali alikuwa na watoto kwa mkewe wa ukoo wa kifalme, ambaye vitabu vingi humwita Aisha, na watoto wengine kwa mwanamke mateka wa Kikristo aliyesilimu, Soraya. Mama mkubwa akahofia wanawe wasije wakanyimwa kiti. Mwaka 1482, mwaka ule ule Wakristo walipoiteka Alhama, mwanawe Abu Abdillah Muhammad akamwasi babake. Kisha akaja ami yake, al-Zaghal, naye akadai. Watu watatu wa nyumba moja wakagombea ufalme uliokuwa ukimegwa. Abu Abdillah alitekwa Lucena mwaka 1483, na Fernando akamwachia kwa mapatano, maana alijua kuwa akirudi kwao ataongeza fitina.

Isabel alikuwa nyuma ya vita hivyo kwa miaka kumi. Alitafuta mikopo, akaweka rehani vito vyake, akapeleka mizinga, nyumbu na hospitali za mahema. Ronda ilianguka 1485. Málaga ilipigana hata njaa ikawashinda, ikaanguka Agosti 1487, na karibu watu wake wote wakauzwa utumwani. Baza ikafuata 1489. Tarehe 25 Novemba 1491 mkataba wa kusalimu amri ulitiwa sahihi, na tarehe 2 Januari 1492 funguo za Granada zikatolewa.

Mkataba ule ulikuwa mzuri. Waislamu waliahidiwa dini yao, misikiti yao, makadhi wao, mali zao na mavazi yao. Isabel na Fernando waliuweka sahihi na mihuri. Lakini mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alifika Granada akaanza kubatiza watu kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa moto hadharani. Watu wa mtaa wa Albaicín wakainuka. Uasi huo ukafanywa kisingizio cha kuuvunja mkataba, na mwezi wa Februari 1502 amri ikatoka kwamba Muislamu wa Castilla abatizwe au ahame. Wayahudi walikwisha tangulia. Amri yao ilitolewa tarehe 31 Machi 1492, wakapewa mpaka mwisho wa Julai. Na tangu 1481 moto wa Inkwizisheni ulikuwa ukiwaka Sevilla, kwa wale waliobatizwa wakashukiwa.

Sitaki kumhukumu mtu wa karne ya 15 kwa mizani ya leo. Nampima kwa mizani yake mwenyewe, ambayo ni sahihi yake. Alipewa Granada kwa ahadi, na ahadi hakuitimiza.

Jeneza baada ya jeneza

Sasa turudi nyumbani kwake. Isabel alijaaliwa watoto watano waliokua: Isabel, Juan, Juana, María na Catalina. Aliwasomesha, mabinti na mwana. Yeye mwenyewe alijifunza Kilatini ukubwani, na Beatriz Galindo, mwanamke mwanachuoni, alikuwa mwalimu katika ikulu yake. Kisha akawatawanya watoto kwa ndoa Ureno, Flandes na Uingereza, kama mtu atiaye nanga pande nyingi ili chombo kisichukuliwe na mkondo.

Juan, mwana wa pekee, alioa Aprili 1497. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafariki Salamanca, na umri wake ni miaka kumi na tisa. Mkewe aliachwa na mimba, nayo ikatoka mtoto mfu. Urithi ukaenda kwa binti mkubwa, Isabel, ambaye alikuwa mjane wa mwana wa mfalme wa Ureno na siku chache nyuma ameolewa na Manuel, mfalme mpya wa nchi hiyo.

Aprili 1498 Cortes ya Castilla ilimwapia Isabel mdogo mjini Toledo kuwa mrithi. Mwezi huo huo, msomaji, merikebu za mumewe zilikuwa katika maji yetu. Vasco da Gama, mtumishi wa Mfalme Manuel, alitia nanga mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, akasogea Malindi, akapata rubani, akaondoka kwenda Bara Hindi.

Kutoka Toledo walikwenda Zaragoza ili Aragón nayo iape. Waaragón wakakataa kumwapia mwanamke. Ile tofauti niliyokuomba uiweke akilini ndiyo hii. Alikuwa na mimba, wakasema wataona kwanza atazaa nini. Mwezi wa Agosti akazaa mwana wa kiume, na mwenyewe akafa saa ile ile. Baraza likamwapia mtoto, Miguel. Castilla na Ureno nazo zikafuata mwaka 1499. Kitoto kile kilikuwa mrithi wa falme tatu. Angeishi, rasi nzima ingeungana kwa amani chini ya mtu mmoja. Alifariki Julai 1500 Granada, mikononi mwa bibi yake, hajatimiza miaka miwili.

Akabaki Juana, mke wa Philip wa Flandes. Wasomaji wengi wanamjua kwa jina baya la Juana Mwendawazimu. Isabel alijua kwamba binti huyu ana moyo mzito na mume asiyemhurumia. Katika wasia wake wa tarehe 12 Oktoba 1504 alimwita mrithi na malkia bila kusita, lakini akaongeza kwamba asipoweza au asipotaka kutawala, Fernando ashike nchi mpaka mjukuu wao Charles atimize miaka ishirini. Tarehe 26 Novemba 1504 akafariki Medina del Campo. Aliagiza azikwe Granada, na ndiko alikolala.

Neno lile dogo la asipoweza lilifanya kazi kubwa. Philip alikufa 1506. Mwaka 1509 Fernando akamfungia bintiye Tordesillas, na Charles alipokuja kushika ufalme akamwacha mama yake mumo humo. Juana alibaki malkia kwa jina, amefungwa kwa amri ya baba, kisha ya mwana, hata alipofariki Aprili 1555. Isabel alitoka Segovia na upanga mbele yake kuthibitisha kwamba binti aweza kurithi. Binti wa kwanza kurithi kwake alikaa kifungoni miaka arobaini na sita.

Mawe ya Mombasa

Nimeahidi kufika Mombasa. María, binti wa tatu, aliolewa na yule yule Manuel mjane wa dada yake. Wajukuu wa mabinti wawili, yaani Juana na María, walikutana katika mtu mmoja, Philip wa Pili wa Uhispania, kitukuu cha Isabel kwa baba na kwa mama. Mfalme kijana wa Ureno alipouawa Morocco katika vita vya Wadi al-Makhazin mwaka 1578, na mzee aliyemfuata kufariki mwaka 1580 bila mtoto, Philip alidai Ureno kwa haki ya mama yake, bintiye María. Akaipata. Na pamoja na Ureno akapata bandari zake zote za bahari ya Hindi.

Miaka ya 1580 Waturuki walikuja pwani hii na Ali Bey, na Mombasa ikawapokea. Ili jambo hilo lisitokee tena, mwaka 1593, zama za Philip, ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza. Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Imekuwa gereza, na sasa ni makumbusho, na watoto wa shule huingia humo kwa safu.

Walimu huwaeleza kwamba ni ngome ya Wareno, na ni kweli. Wangeongeza pia kwamba iliamriwa na mfalme aliyeipata Ureno kwa upande wa mama, mjukuu wa watoto wa mwanamke aliyemwondoa binti wa kaka yake kwenye kiti kwa fununu. Mirathi ikidhulumiwa, hasara haikai ndani ya nyumba iliyodhulumu. Hutoka ikafikia hata watu ambao hawakuwa na habari kwamba kuna ugomvi.